Muulize Mfamasia: Dawa ya influenza kwa anayetumia warfarin

SWALI: Shikamoo. Mama yangu ana miaka 61, tunaishi Igoma, Mwanza. Aliwekewa valvu ya chuma ya moyo na kila jioni anameza warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda. Juzi alishikwa na homa, kikohozi na maumivu ya mwili. Malaria haikuonekana, wakamwandikia oseltamivir, dawa ya virusi vya influenza. Jirani anasema asimamishe warfarin mpaka amalize dozi hiyo. Ni kweli?

JIBU: Marahaba. Asisimamishe. Bila warfarin damu huganda kwenye valvu ya chuma, na bonge likipanda kichwani ni kiharusi.

Dawa hizi mbili hazigombani. Warfarin huvunjwa na vimeng'enya vya ini ambavyo oseltamivir haivigusi. Oseltamivir yenyewe hutoka kwa mkojo. Kwa hiyo cha kuuliza ni figo: zikiwa dhaifu, dozi hupunguzwa. Zikiwa nzima, ni kapsuli ya mg 75 asubuhi na jioni kwa siku 5, na ianzwe ndani ya saa 48 tangu dalili zianze. Ameze baada ya kula chochote, hata uji, kupunguza kichefuchefu.

Kinachovuruga damu ni ugonjwa wenyewe. Homa humaliza haraka protini za kugandisha damu. Hamu ya kula nayo hupotea, sahani ya matembele inarudi jikoni ilivyokwenda, na vitamini K, inayosaidia damu kuganda, inapungua. Warfarin ni ileile, lakini INR (kipimo cha kuganda kwa damu; ikipanda, damu inachelewa kuganda) inapanda. Basi msingoje tarehe ya kliniki: apime siku ya 3 hadi ya 5 tangu aanze dawa, kisha tena wiki moja baada ya kupona, kwa sababu akirudia mboga zake INR inaweza kushuka chini ya lengo lililoandikwa kwenye kadi.

Hatari kubwa zaidi naiona duka la dawa. Mtu anaomba "ya mafua", anafungiwa Septrin na diklofenaki. Septrin ni antibiotiki, haiui virusi, ila inalizuia ini kuivunja warfarin; metronidazo hufanya vivyo hivyo. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huchubua tumbo na kudhoofisha chembe sahani zinazosaidia damu kuganda. Kwa homa atumie parasetamo, na akivuka vidonge 4 vya mg 500 kwa siku, kwa siku kadhaa mfululizo, kliniki ijue, maana nayo hupandisha INR. Tangawizi ya kwenye chai haina neno. Vikombe vya kitunguu saumu kilichosagwa aviache.

Choo cheusi kama lami, mkojo mwekundu, damu ya pua isiyokatika kwa dakika 10, kichwa kuuma ghafla na vikali, au kuanguka na kugonga kichwa: hospitali saa hiyohiyo, hata usiku.

Wanaotumia rivaroxaban, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda (wenye valvu ya chuma hawapewi), hawafuatiliwi kwa INR. Lakini vidonge vyake vya mg 15 na 20 humezwa pamoja na chakula, hivyo mgonjwa asiyeweza kula amwambie daktari mapema.