Muulizeni dalali oili ya difu ilibadilishwa lini

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "SUV ndogo iliyotumika ni ununuzi wa busara au ni kujinunulia maradhi?", limenigusa pabaya. Najua mtakavyojibiwa. Mmoja atalia na spea, mwingine na mafuta, wa tatu ataapa kwamba gari la mkononi ni kubebeshwa matatizo ya mwenzio.

Mimi nasema ni busara, bila kusita. Wengi wanaolia hawakununua gari, walinunua kukaa juu. Wakaona bodi imenyanyuka na mgongoni kuna maandishi ya fowili, basi wakajua wamepata mnyama wa porini. Tukumbushane lilikotoka. RAV4 ilipoingia sokoni mwaka 1994, na CR-V mwaka uliofuata, hazikuwekwa juu ya chesisi kama Land Cruiser. RAV4 iliazima viungo vya Corolla na Carina, CR-V ikazaliwa na Civic. Ni saluni iliyonyanyuliwa, tumbo likiwa sentimita 17 hadi 22 au hapo karibu kutoka ardhini. Na fowili ya nyingi kati yake ni ya kuitwa: siku zote linavutwa na miguu ya mbele, ya nyuma inashtuliwa pale ya mbele inapoteleza. Ukilipiga mashimo kwa mwendo wa lori, bushi na shokapu zikaisha, usiseme gari bovu.

Kwa hiyo mimi sitajibu kama gari ni zuri. Nitajibu lilikuwa mikononi mwa nani, na alilimiminia nini.

Mdogo wangu alishapenda moja kabla hatujafika kuliona. Rangi ilikuwa inang'aa, ndani kumepulizwa manukato, mita inasoma kidogo mno. Pedali ya breki ilikuwa imelika mpira hadi chuma kinachungulia, na usukani umekuwa laini mahali mikono inaposhika. Mita ilisema lake, pedali ikasema lake. Fundi wetu hakubishana na mtu. Aliweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo.

"Kaka, si tuliomba lisiwashwe?"

"Nilisogeza kivulini tu," dalali akajibu.

Tukasubiri lipoe. Injini yenye moto huficha mengi: mlio wa cheni asubuhi, moshi wa kwanza, kuwaka kwa kusitasita. Dalali hakufurahi. Lilipopoa likawaka vizuri, na kifuniko cha oili hakikuwa na ule utando mweupe wa maji. Mdogo wangu akanitazama kama aliyeshinda kesi.

Fundi akaingia kwenye matairi. Ubavuni mwa tairi kuna namba inayoanza na DOT, na tarakimu zake nne za mwisho ni tarehe ya kutengenezwa: mbili za wiki, mbili za mwaka. Ya mbele yalikuwa mapya, jozi moja. Ya nyuma yalikuwa ya miaka mingine kabisa, kashata zimeisha, tena kila moja chapa yake. Kwenye saluni ungesema nitanunua mengine mwezi ujao. Kwenye gari la fowili, matairi yasiyolingana kimo yanazunguka kwa kasi tofauti hata barabara ikinyooka, na mfumo unaounganisha mbele na nyuma unashinda ukisuguana na kupata moto bila sababu.

Ndipo akaomba uwanja. Akakunja usukani wote hadi mwisho, akaliachia lizunguke polepole duara dogo. Duara la kwanza kimya. La pili, nyuma ikaanza kuguna, halafu gari zima likawa linajivuta na kuachia, kama punda aliyekataa kuvuka mto. Dalali akanyoosha mkono, akaongeza redio. Fundi akaizima bila kumtazama, akazunguka tena.

"Hayo ni matairi tu, dada," dalali akaniambia mimi, sijui kwa nini mimi.

Fundi akaingia chini na spana. Alianza na difu, lile boksi la gia la nyuma linalogawa nguvu kwa magurudumu; akafungua nati ya juu, ya kujazia, akaacha ya kumwagia. Nati ya kujazia ikigoma huku umeshamwaga, gari haliondoki hapo. Akatia ncha ya kidole, akakitoa, akatunusisha. Oili nyeusi, harufu ya kuungua.

"Oili ya difu haibadilishwi, ndugu yangu. Inakaa maisha."

"Maisha ya nani?" fundi akauliza.

Nilitaka tuondoke. Mdogo wangu hakutaka, na kwa haki niseme, fundi naye hakuona kifo. Tukakubaliana: oili inamwagwa, inawekwa ile ile aliyoagiza mtengenezaji na si ya jumla ya dukani, gharama yetu, kisha maduara tena, ndipo tuzungumze bei upya. Baada ya oili mpya, tulipolizungusha tena, ile miguno ikapungua, ikafifia, ikaisha. Bei ikashuka kwa kiasi cha matairi manne na nyongeza. Gari analo hadi leo, na halijamlaza njiani.

Ninaposimulia hivi naona kisa kimenigeukia. Nilikuwa nakitumia kuwathibitishia kwamba gari la namna hii linanunulika. Lakini hesabuni kilichohitajika: fundi asiyeogopa kuudhi, muuzaji aliyekubali difu lake lifunguliwe, na mnunuzi aliyebakiza fungu pembeni. Ni wangapi wanavipata vyote kwa pamoja? Na hatukugusa hata giaboksi. Nyingi za miaka ya karibuni zina CVT, ule mkanda wa chuma unaopanda na kushuka kati ya puli mbili, na yenyewe yaweza kuharibika bila guno la kukuonya mapema. Nissan yenyewe kule Marekani ilirefusha dhamana ya CVT zake hadi miaka 10 au maili 120,000, kwa magari ya modeli za 2003 hadi 2010. Kampuni hairefushi dhamana kwa ukarimu. Ukilinunua la umri huo leo, dhamana imeshakwenda, umebaki wewe na oili.

Basi Mhariri, ukinibana nijibu kwa neno moja, sasa nasema hapana, kwa wengi wetu. Si kwa yule mwenye fundi wake wa siku zote, ambaye pesa ya gari haijammaliza, na ambaye kweli anapita njia ya utelezi. Huyo na achukue, azungushe duara, redio ikiwa imezimwa. Wengine, kama shida yenu ni kukaa juu na buti kubwa, yapo ya umbo lile lile yanayovutwa mbele tu: hakuna difu ya nyuma, hakuna propela ya kupeleka nguvu nyuma, tairi likichanika hamlazimiki kubadili yote manne. Na hata hilo, likiwa na CVT na muuzaji akashindwa kusema oili yake ilibadilishwa lini, msilipe siku hiyo.