Mama kaninyang'anya simu kwa ajili ya mpira

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 17, nasoma kidato cha nne hapa Dodoma, nyumbani ni Nkuhungu. Timu yangu ni Simba, na Dodoma Jiji kwa kuwa ni ya kwetu. Matokeo ya moko, mtihani wa majaribio, yametoka, Hisabati nimepata F. Mama amechukua simu, anasema mpira ni wa wanaume na nisiuguse hadi nimalize mtihani wa taifa Novemba. Nimejaribu nimeshindwa, nikifungua daftari nawaza msimamo wa ligi. Kinachoniudhi zaidi ni redio: tangu asubuhi ni Simba na Yanga, Dodoma Jiji ikishinda inatajwa na kupitwa. Natamani niwe mtangazaji wa michezo. Je, niache mpira?
Mshabiki, Nkuhungu

Marahaba mwanangu. Mpira usiuache. Acha maneno ya mpira, tena uyaache leo.

Rudia kuisoma barua yako. Umeandika redio, simu, msimamo wa ligi. Mechi uliyoikalia ukaitazama hujaitaja hata moja. Mechi ni dakika 90, ukijumlisha mapumziko na za nyongeza ni kama saa mbili, na timu haichezi kila siku. Saa mbili za Jumamosi haziwezi kukupa F. Kinachokumaliza ni uchambuzi wa asubuhi unapovaa sare, ubishi wa kwenye daladala, ubishi wa mapumziko shuleni, kisha magrupu ya usiku: kasajiliwa nani, mwamuzi kaonea nani, ile ilikuwa penalti au haikuwa.

Kumbuka dabi ya Simba na Yanga iliyopangwa Machi 8, 2025. Usiku wa kuamkia siku hiyo Simba walitangaza kwamba hawaingizi timu, wakilalamika kuzuiwa kufanya mazoezi Uwanja wa Benjamin Mkapa, na Bodi ya Ligi ikaiahirisha. Ikaja kuchezwa Juni 25, Yanga wakashinda 2-0. Katikati hapo ile dabi haikuwa na hata dakika moja ya mpira, lakini maneno yake yalijaa redioni, magazetini na vijiweni, na mwezi Mei kidato cha sita wakaingia kwenye mitihani yao yakiwa bado yanaendelea. Vipindi vya michezo vina saa za kujaza kila siku, mechi iwepo isiwepo. Wasikilizaji wengi wako kwa Simba na Yanga, na matangazo ya biashara hufuata waliko wasikilizaji. Ndiyo maana Dodoma Jiji inaguswa kidogo.

Hilo lina haki ya kukuuma, nami linaniuma. Mwaka 2023 wasichana wa sekondari ya Fountain Gate, hapahapa Dodoma, walikwenda Durban, Afrika Kusini, wakarudi mabingwa wa Afrika wa mashindano ya shule ya CAF, shirikisho la soka la Afrika. Wanafunzi, mabinti kama wewe! Waulize wenzako darasani nani alifunga kwenye dabi ya mwisho, watakujibu kwa mpigo. Kisha waulize habari za mabinti hao. Na mama akisema mpira ni wa wanaume, mweleze habari hiyo kwa upole, kwa sababu huenda hajawahi kuisikia.

Kama kweli unataka kukaa nyuma ya kipaza sauti urekebishe hilo, basi Novemba inakuhusu kuliko unavyodhani. Kanuni zilizotungwa chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ziliweka stashahada ya uandishi wa habari kuwa kiwango cha chini cha kutambuliwa kama mwandishi. Huko hufiki bila cheti kizuri cha kidato cha nne. Kwa kazi hiyo Kiswahili, Kiingereza, Historia na Jiografia ndiyo yatakayokubeba, kwa hiyo hayo yapiganie. Hisabati itoe kwenye F kwanza. D inaanzia alama 30, na alama hizo unaweza kuzitafuta kwenye mada zinazozoeleka kwa mazoezi, kama seti, takwimu na hesabu za biashara. Chukua mitihani ya miaka ya nyuma, fanya swali moja kila jioni kabla ya kula. Usianze na mada inayokutisha.

Simu iache kwa mama. Redio izime Jumatatu hadi Ijumaa. Chagua mechi moja tu kwa wiki, na Dodoma Jiji ikicheza Uwanja wa Jamhuri saa 10 jioni, chagua hiyo, uende na mtu mzima wa nyumbani. Ya saa 1 usiku kwenye kibanda umiza, kile cha kulipia kutazama mpira kwenye runinga, hapana. Hapo niko na mama yako moja kwa moja: mechi inaisha inakaribia saa 3, nawe ni binti wa kurudi peke yako gizani. Matokeo utayakuta asubuhi.

Ukitoka Jamhuri, badala ya kubishana, kaa uandike ukurasa mmoja kuhusu mechi uliyoiona: nani alimiliki kiungo, bao lilitokana na kosa gani. Mpelekee mwalimu wa Kiswahili akusahihishe. Mtihani wenu una utungaji, na Dodoma Jiji itakuwa imepata mtu wa kuiandika.

Miaka ya karibuni makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika yameanza mwishoni mwa Novemba. Mechi yoyote itakayoangukia siku zako za mtihani, hata ikiwa ya Simba, ipite bila wewe.

Mwambie mama: "Simu kaa nayo, redio nimeizima, naomba Jumamosi saa 10 tu, na mjomba atanisindikiza." Akikataa usibishane naye. Subiri jaribio lijalo la Hisabati, mpelekee karatasi mkononi, uombe tena.