Barua kwa mwanangu: huyo uliye naye tumboni

Mwanangu mpenzi,

Baada ya salamu na kukuombea afya wewe na mume wako, ujumbe wako nimeusoma. Umeuliza tulijuaje kwamba una akondroplasia, hali hii ya kuzaliwa inayofanya mifupa ya mikono na miguu isirefuke, na je, huyo uliye naye tumboni atazaliwa kama wewe?

Nianze na hilo la pili, maana najua ndilo linalokukosesha usingizi. Mume wako ana kimo cha kawaida, kwa hivyo kila mimba yenu ni nusu kwa nusu: mtoto anaweza kuirithi hali yako na anaweza asiirithi. Altrasaundi ya sasa haitakupa jibu. Ufupi wa mfupa wa paja mara nyingi hauonekani mpaka mimba ivuke miezi sita hivi, basi wakikwambia leo vipimo ni vya kawaida, shukuru Mungu, lakini urudi tena.

Wewe ulipozaliwa hapa Wete, Pemba, wa kwanza kukutambua alikuwa mkunga. Alikukunjua kiganja, akaona kidole cha kati na cha pete vimeachana, na hata akivisogeza vinarudi kuachana. Mikono ilikuwa mifupi zaidi hapa juu, baina ya bega na kiwiko, na ngozi imejaa mikunjo. Paji la uso limetokeza, mzizi wa pua umebonyea. Akatwambia tukupeleke Unguja, na eksirei ya nyonga na mgongo ndiyo iliyotoa jibu. Kipimo cha jeni hukufanyiwa. Picha zikiwa wazi, daktari mara nyingi hakihitaji.

Maneno yalikuwa mengi, mwanangu. Wapo waliosema nimechezewa, wapo waliosema nilimcheka mtu mfupi nikiwa na mimba. Lawama zote kwangu. Sasa nisikilize vizuri. Jeni yenyewe inaitwa FGFR3, na wataalamu waliitambua kuwa chanzo mwaka 1994. Kazi yake ni kuzuia mifupa isikue kupita kiasi. Kwenye akondroplasia inazuia muda wote, kama breki iliyonasa. Kiasi cha watoto wanane katika kumi wenye hali hii wana wazazi wa kimo cha kawaida, kama sisi, na kwao jeni hubadilika upya, badiliko ambalo huanzia kwenye mbegu ya baba, hasa baba mwenye umri mkubwa. Sisemi haya nimtupie lawama babaako. Hakuna alichofanya, wala mimi hakuna nilichofanya. Nasema ili akitokea mtu akakuuliza wewe umekula nini au umemkosea nani, usihangaike kumjibu.

Ufupi wako haukunitia hofu hata siku moja. Hofu yangu ilikuwa shingo. Tundu la chini ya fuvu, pale ugwe mgongo, ile kamba ya neva itokayo kichwani kwenda mgongoni, unapopita, kwa watoto hawa huwa jembamba na linaweza kuubana. Mtoto akaacha kupumua usingizini, hasa mwaka wa kwanza na wa pili. Usiku nilikuwa nakuwekea mkono kifuani nikisikiliza: unakoroma, unanyamaza, kisha unashtuka na kuvuta pumzi kwa nguvu. Mtoto wako akizaliwa na hali hii usingoje mpaka uone dalili. Daktari amchunguze mapema, apimwe pumzi akiwa amelala, na muulizie MRI, ile picha ya ndani inayopigwa kwa sumaku, ya fuvu na shingo. Kichwa chake kipimwe kila kliniki, kwa chati ya watoto wa akondroplasia, kwa sababu maji yanaweza kujaa kichwani.

Na asikalishwe mapema. Bibi yako alitaka kukuegemeza kwa mito ukiwa na miezi minne, kama tulivyokalishwa sisi sote, nami nikamkatalia kwa adabu zote. Kichwa kizito, misuli bado laini, mgongo ungejipinda kibyongo. Nilikuwa nakulaza kifudifudi ukiwa macho, na nikikubeba nauegemeza mgongo wote. Ulichelewa kukaa, ulichelewa kutembea, na ndio mwendo wa watoto hawa. Masikio nayo yachungwe: yale yako yalitoka usaha mpaka ukaingia skuli, na asiyesikia vizuri huchelewa kusema.

Umeniuliza pia ile dawa mpya ya kusaidia mifupa irefuke, vosoritide. Iliidhinishwa Ulaya na Marekani mwaka 2021, ni sindano ya kila siku kwa watoto ambao mifupa bado inakua. Wewe haikufai tena.

Sasa wewe mwenyewe, maana barua nzima umeuliza ya mtoto tu. Uliniambia ukitoka sokoni Darajani kwa miguu unapata ganzi mapajani, ukichuchumaa inaondoka. Usiseme ni mimba. Watu wazima wenye hali yako hubanwa neva za kiunoni kwa sababu njia yake ndani ya mgongo ni nyembamba, na kuinama huipanua kidogo. Mwambie daktari hivyo hivyo ulivyoniambia mimi. Miguu ikilegea, au haja ndogo ikikushinda kuizuia, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kujifungua kwako kutakuwa kwa upasuaji. Nyonga yako ni nyembamba, hilo usibishane nalo. Ila usimwone daktari wa uzazi peke yake. Omba kumwona daktari wa usingizi wiki nyingi kabla, kwa sababu sindano ya ganzi ya mgongoni kwako ni ngumu kuchoma na kipimo chake hakikadiriki kirahisi, na akiamua kukulaza kabisa, shingo yako inataka tahadhari. Asikutane nawe mara ya kwanza mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Miezi ya mwisho pumzi itakuwa fupi, kifua chako hakina nafasi kubwa. Ikizidi, usivumilie nyumbani.

Niandikie wiki hii: daktari wa usingizi umepangiwa lini, na miguu inakwendaje.

Mamaako, Wete