Mhenga si babu yako

Msomaji wa Morogoro anaandika: "Binti yangu wa darasa la saba kaniuliza neno la Kiingereza ancestor lina maana gani na limetoka wapi. Nikamwambia ni mhenga. Je, nimepatia?"

Hujapatia, ndugu yangu. Ila hapo ulipojikwaa wamejikwaa wengi, na siku nyingi nataka kulisema hili.

Asili yake ni Kilatini, antecessor: ante ni mbele, cedere ni kwenda. Aliyetangulia, basi. Likapitia Kifaransa cha kale ndipo likaingia Kiingereza. Maana yake ni mtu uliyetokana naye kwa damu, hasa wa nyuma kuliko babu na bibi unaowajua. Sisi tunasema mababu, na mabibi wa kale wamo humohumo. Usimpe mtoto "mtangulizi" pia. Huyo ni aliyeshika kazi yako kabla yako.

Sasa mhenga. Mhenga ni mtu wa kale mwenye hekima, yule aliyetuachia "haba na haba hujaza kibaba". Ukisema "wahenga walisema" umemwita shahidi anayeheshimiwa, awe wa ukoo wako au asiwe.

Juzi kwenye kundi letu la WhatsApp ilitumwa picha ya kanda ya kaseti, pembeni yake kalamu ya Bic, chini imeandikwa: "Wahenga tujuane!" Wakajitokeza watu kibao. Nawajua wote, mkubwa wao kazaliwa 1979. Jamani! Kurudisha kanda kwa kalamu kunahitaji vidole tu. Mwenye miaka arobaini na kitu anajiitaje mhenga, na methali hata moja hajatunga? Aseme yeye ni wa zamani, au mkongwe kama anapenda sifa. Mtoto anayekua akisikia hivi, mwalimu akimwambia "wahenga walinena", atamfikiria mjomba wake na redio kaseti.

Najua neno limeshashika mitaani, na peke yangu sitalirudisha. Kwenye soga nitavumilia. Kwenye taarifa ya habari na kwenye daftari la mtoto, sivumilii.

Kwa hiyo rudi kwa binti yako, umtajie baba wa babu yake kwa jina, alikuwa wapi na alilima nini. Huyo ndiye ancestor wake, hata kama hakuacha msemo wowote.