Ukitumwa Kumnunulia Mtu Jengo la Biashara Kigoma

Kabla hujaanza kuzunguka Mwanga au Lumumba kutafuta jengo, malizana na mteja wako kuhusu ujira, tena kwa maandishi: unalipwa kiasi gani, na nani, lini. Dalali wa kawaida hula upande wa muuzaji na huweka cha juu. Mwenye nyumba anataka milioni 110, mnunuzi anatajiwa 120. Wewe unamwakilisha mnunuzi, kwa hiyo ukipokea hata laki mbili ya muuzaji huna tena mdomo wa kudai bei ishuke. Omba kiasi maalumu badala ya asilimia, maana asilimia inakupa zaidi mteja wako anapopigwa bei.

Ukipewa nakala ya hati ya umiliki, ipeleke Ofisi ya Ardhi ya Mkoa ukaombe upekuzi rasmi. Majibu yataonyesha jina la mmiliki, rehani kama ipo, zuio, muda uliobaki na matumizi. Hati ya miaka 33 iliyoanza 1998 inaisha 2031, na hilo ni jambo la kujadili bei. Kwenye matumizi ndipo wanaoanza hupita haraka: nyumba yenye fremu (vyumba vya maduka) nne barazani inaweza kuwa imeandikwa makazi tu. Kubadili matumizi kunaombwa manispaa, kuna gharama na kunachukua muda. Rudia upekuzi siku moja kabla ya malipo, kwani rehani inaweza kuandikishwa mkiwa bado mnapatana.

Ujiji kuna majengo mengi ya urithi. Hapo anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na jina lake liingizwe kwanza kwenye hati. Mtoto mkubwa kushika funguo hakumpi mamlaka hayo. Mmiliki akiwa na ndoa, pata idhini ya mwenza kwa maandishi. Wake wakiwa wawili, ulizia wote.

Nenda kwenye kiwanja na mpimaji, mtafute bikoni zote, yaani alama za mipaka. Karibu na ziwa, Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na Tanganyika imekuwa ikipanda miaka hii, kwa hiyo ghala lililokuwa salama Kibirizi au Bangwe huenda leo limeingia kwenye mstari. Barabara kuu ina hifadhi ya mita 30 kila upande tangu sheria ya 2007. Alama ya X ukutani, ya kubomolewa, usiipite bila kuuliza, hata kama imepakwa rangi juu.

Sasa wapangaji, maana jengo la biashara ni wapangaji. Muuzaji atakuambia fremu sita, kila moja 150,000 kwa mwezi, yaani milioni 10.8 kwa mwaka. Usiandike hesabu hiyo. Ingia fremu moja moja, omba kuona mkataba na stakabadhi ya mwisho, muulize mpangaji mwenyewe amelipia mpaka lini. Mara nyingi utakuta wamelipa miezi sita mbele na muuzaji ameshazila. Mikataba hiyo inamfunga mnunuzi, basi wakiwa wamelipia mpaka Desemba na mnauziana mwanzoni mwa Julai, mteja wako atakaa nusu mwaka bila kodi: 900,000 mara sita, milioni 5.4 zikatwe kwenye bei. Uliza pia kilemba, yaani pesa ya kuingilia inayotolewa nje ya kodi. Aliyetoa kilemba kikubwa kuingia hatatoka kirahisi, hata kama hakimo kwenye mkataba wowote.

Hata zile milioni 10.8 zikithibitika, punguza humo makadirio ya fremu kukaa tupu (moja, miezi minne: 600,000), mlinzi milioni 1.2 na ukarabati 800,000. Zinabaki milioni 8.2. Kwa bei ya milioni 120 hiyo haifiki asilimia 7 kwa mwaka, na bado kodi ya mapato haijaguswa.

Mkataba uandikwe na wakili wa mnunuzi. Mmoja kwa pande zote mbili ni balaa. Pesa ziende akaunti yenye jina lililo kwenye hati, kwa awamu, na awamu kubwa ya mwisho isubiri uhamisho wa hati. Kodi ya ongezeko la mtaji, kwa kawaida asilimia 10 ya faida, ni ya muuzaji. Ushuru wa stempu, asilimia 1, ni wa mnunuzi. Soma vizuri kipengele kinachosema “kodi zote juu ya mnunuzi”, hupenda kujificha ukurasa wa mwisho. Ofisi ya mtaa ikidai asilimia 10 ya bei ili igonge muhuri, hakuna sheria inayoipa haki hiyo.

Siku ya makabidhiano andika namba za mita za umeme (LUKU) za kila fremu pamoja na madeni yake, kisha wapangaji wapewe barua iliyosainiwa na muuzaji na mnunuzi, yenye akaunti mpya ya kulipia.