Mlima wangu upi?

*Barua za wasomaji: Mama Mkalimani anajibu*

Shikamoo Mama Mkalimani. Mimi ni muuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee hapa Hamilton, New Zealand, huu mwaka wa sita. Mwaka jana mimi na mume wangu tulinunua nyumba, kwa hiyo naweza kusema tumeshaota mizizi. Kazini tuna mwenzetu mmoja, Pakeha, yaani Mzungu wa huku, mtu mwema tu, lakini tangu ule muswada wa kufasiri upya Mkataba wa Waitangi, ule wa 1840 kati ya Malkia wa Uingereza na machifu wa Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hii, habari za Wamaori zikitajwa kwenye runinga hamalizi chai yake. Hawa wanapendelewa, hawa wamezoea kulia. Juzi akanigeukia mbele ya watu: "Wewe si ulikuja na sanduku moja, ukachapa kazi, leo una nyumba? Hebu waambie." Mezani alikuwapo dada wa Kimaori, yeye ndiye aliyenipokea nilipokuwa mgeni wa kazi. Nilinyamaza. Nikawa nakoroga chai ambayo haikuwa hata na sukari. Usiku mume wangu akasema nilifanya vyema, kwamba mambo ya Waitangi ni ya Mzungu na Mmaori, sisi hatukumpora mtu ardhi, na madonda ya ukoloni tunayo ya kwetu. Lakini yule dada hanisemeshi kama zamani. Halafu wiki ijayo tuna mafunzo, kila mtu atatakiwa kutoa pepeha, yaani ajitambulishe kwa mlima wake na mto wake. Mimi mtoto wa pwani, mlima nitautoa wapi?

*Muuguzi, Hamilton*

Marahaba mwanangu. Kwa kunyamaza sikulaumu, mtu akishtukizwa hukosa neno. Ila umeuliza, nami najibu: la kusema lilikuwapo, na lilikuwa fupi. "Usinitie mimi humo." Basi, ukaendelea na chai yako.

Maana yule bwana hakuwa anakusifu. Alitafuta fimbo ya kumchapia mwenzako, akakuta wewe ndiye uliye karibu na mkono. Na fimbo ikishamaliza kazi hutupwa kando. Miaka ya 1970 polisi wa nchi hiyo walikuwa wakigonga milango ya watu wa visiwa vya Pasifiki kabla hakujapambazuka, wakisaka waliopitiliza muda wa viza, ilhali Waingereza waliopitiliza muda wao wamejilalia usingizi. Wale nao waliitwa wachapakazi, siku viwanda vilipokuwa vinawahitaji. Serikali iliwaomba radhi mwaka 2021.

Sasa tuje kwenye nyumba yako, maana umeitaja mwenyewe. Kabla ya kuitwa Hamilton pale paliitwa Kirikiriroa, na Wamaori wa Waikato hawakuwa wamekaa kitako wakimngoja mtu mwenye sanduku. Miaka ya 1840 na 1850 walilima ngano, wakawa na vinu vyao vya kusagia, na chakula chao kikapelekwa Auckland kulisha Wazungu. Mwaka 1858 wakamtawaza mfalme wao wa kwanza, Potatau Te Wherowhero, ili ardhi isiendelee kumegwa vipande vipande. Julai 1863 jeshi likavuka kijito cha Mangatawhiri kuwaingilia, na kabla mwaka haujaisha Bunge likapitisha sheria ya kutwaa ardhi ya walioitwa waasi. Waikato pekee zikaenda ekari kama milioni 1.2. Mwaka uliofuata askari walowezi wakashushwa Kirikiriroa kwa boti ya mvuke, kila askari wa kawaida akiwa ameahidiwa ekari 50, na mji ukapewa jina la nahodha wa Kiingereza aliyeuawa katika vita hivyohivyo.

Wewe hukupora, ni kweli. Mwenzako wa chumba cha chai naye hakupora. Lakini hati ya kiwanja chako, ukiifuata nyuma kutoka kwa aliyekuuzia hadi kwa aliyemuuzia yeye, usishangae ikikufikisha kwa askari mmoja wa mwaka 1864. Mwaka 1995 serikali iliomba radhi, na Malkia Elizabeth wa Pili mwenyewe akaitia sahihi sheria ya fidia: dola za New Zealand milioni 170, ndani yake ikihesabiwa na thamani ya ardhi kidogo iliyorudishwa, ikiwamo ile kilipojengwa Chuo Kikuu cha Waikato, hapo mjini kwenu. Huko ndiko kupendelewa. Aliyenyang'anywa zizi zima akarudishiwa ndama, anaambiwa anadeka.

Na mumeo nina neno naye. Hapa mtanivumilia, maana ndiyo kazi iliyonilisha: nimekuwa mkalimani Auckland miaka 18, hospitalini na mahakamani. Jioni ya tarehe 4 Februari 1840 mmisionari Henry Williams na mwanawe Edward walikabidhiwa rasimu ya Kiingereza ya ule Mkataba, waitie katika Kimaori ili kesho yake isomwe mbele ya machifu. Usiku mmoja! Mimi hata hati ya kuuziana gari siifasiri usiku mmoja nikaondoka na amani. Kiingereza kilisema machifu wanamkabidhi Malkia enzi yote. Williams akaandika *kawanatanga*. Litazame hilo neno vizuri. *Kawana* ni lile neno la Kiingereza ambalo sisi tumelifanya "gavana". Mkia wake, *-tanga*, unafanya kazi ya u- yetu. Kwa hiyo machifu walisomewa kwamba wanatoa ugavana. Na katika kifungu cha pili wakasomewa kwamba wanabaki na *tino rangatiratanga*, uchifu wao kamili, juu ya ardhi zao, makazi yao na tunu zao zote. Mtu akikwambia mpe mgeni ugavana awatawale watu wake wakorofi, wewe ubaki na uchifu wako, utakataa nini?

Miaka mitano kabla yake, katika tangazo la uhuru la 1835, Williams huyohuyo alipotaka kusema enzi aliandika *kingitanga* na *mana*. Kwa hiyo maneno aliyajua. Wapo wanaomtetea kwa ule usiku mmoja. Mimi nasema mfasiri akiliruka neno ambalo jana alilitumia, uzito wake anaujua. Machifu kama 540 walitia sahihi au alama zao kwenye Mkataba, na waliotia kwenye nakala ya Kiingereza ni 39 tu.

Mumeo anasema hayo hayatuhusu. Muulize viza yake ilitolewa na nani. Na huyo aliyeitoa, kibali cha kupokea wageni katika nchi ya watu alikipata wapi? Ni kwenye kifungu cha kwanza, cha ugavana. Mlango tulioingilia sisi sote ni huo, hakuna mwingine. Mwaka 1989 Jaji Edward Durie, Mmaori, aliyekuwa akiongoza lile baraza linalosikiliza madai ya Waitangi, alilipa jambo hili jina: wenyeji ni *tangata whenua*, watu wa ardhi, na waliofika kwa haki ya Mkataba ni *tangata Tiriti*, watu wa Mkataba. Yeye alikuwa akisema na Mapakeha, ila leo wengi wetu tuliokuja kwa ndege tunajiita hivyo, nami ni mmoja wao. Kabla ya hapo sikujua nijiweke wapi: mwenyeji si mimi, mkoloni si mimi, mpita njia mwenye mkopo wa nyumba. Ule muswada uliowavurugia chai ungegusa maana ya mkataba huohuo; Aprili 2025 Bunge liliuangusha kwa kura 112 dhidi ya 11, kwa hiyo mlango wenu bado umesimama kwenye bawaba zake.

Madonda yetu ya ukoloni ni ya kweli, sina ubishi. Ila yanaweza kutupoteza kwa njia mbili. Moja ni hiyo ya mumeo, kwamba nimeumia, nisisumbuliwe na maumivu ya wengine. Ya pili naiona zaidi kwa vijana. Nilikuwa kwenye shughuli moja, mwenzetu akamrukia mzee wa Kimaori kwa kumbatio, "Sisi ni wamoja, baba, tumeonewa pamoja!" Mzee akamwacha amalize. Kisha akamuuliza kwa upole, "Jina lako nani?" Kijana hakuwa hata amejitambulisha.

Ndiyo kazi ya pepeha, kwa hiyo mlima usiuazime. Kuna wageni wanaofundishwa kusema *ko Taupiri te maunga*, Taupiri ndio mlima wangu, kwa kuwa wanauona wakienda kazini. Taupiri wamezikwa wafalme wa Waikato. Anayesema maneno hayo anasema ametokana na waliolala pale. Wewe sema bahari yako. Sema wazazi wako, sema ulipozikwa kitovu chako, kisha sema kwamba sasa unakaa kando ya mto Waikato. Kimaori chako kikigota, malizia kwa Kiswahili, hawatakuona mjinga.

Kitovu usikiogope kabisa. Mwaka mmoja niliitwa wodi ya wazazi kumfasiria bwana mmoja wa kwetu, mkewe katoka kujifungua. Mkunga, mama wa Kimaori, akaja na chombo cha plastiki chenye kifuniko, kama vile vya kuwekea mabaki ya chakula, akauliza kama familia itachukua *whenua* yao. Nikakwama. Whenua mimi nilijua ni ardhi. Mkunga akacheka, akanyanyua kifuniko kidogo: kondo la nyuma. Neno ni moja. Kondo hurudishwa ardhini, na mtu akawa na mahali pake. Nilipomfasiria yule bwana alikaa kimya, halafu akasema, "Kwetu ni kitovu. Kangu kako chini ya mnazi." Mkunga akataka nimfasirie hilo nalo, neno kwa neno. Chombo walikichukua. Nasikia walikaa nacho kwenye friza miezi minane kwa sababu nyumba ilikuwa ya kupanga na hawakujua wachimbe wapi.

Kwa yule dada nenda kabla ya mafunzo, si baada yake, na usiende na machozi ukamtwisha kazi ya kukubembeleza. Mwambie, "Siku ile nilinyamaza, na haikufaa ninyamaze." Akikuuliza ungesema nini, jibu unalo.

Mama Mkalimani, mwanangu wa miaka sita shuleni wanamwimbisha Kimaori, anahesabu hadi mia. Lakini bibi yake akipiga simu, mtoto anajibu kwa Kiingereza. Nafikiria kumwandikia mwalimu wampunguzie Kimaori ili Kiswahili kipate nafasi.

*Baba wa Mmoja, Auckland*

Usimwandikie. Kuna wazee hai wa Kimaori waliochapwa shuleni kwa kusema lugha ya mama zao, na barua yako itasomwa na mjukuu wa mmoja wao. Lugha hiyo iliporudi haikurudishwa na mtaala kwanza. Mwaka 1982 ilianza *kohanga reo*, viota vya lugha: watoto wadogo wanawekwa na mabibi siku nzima, na bibi haongei lingine. Sheria ya kuifanya lugha rasmi ilikuja mwaka 1987, mabibi wameshaanza.

Kiswahili cha mwanao hakiliwi na nyimbo za shule. Bibi unaye, tena anapiga simu mwenyewe. Akipiga tena, mpe mtoto simu, kisha wewe toka chumbani, maana nina hakika ndiwe unayemfasiria.