Karabai ya Babu Imepoteza Weupe Wake

SWALI: Ndugu Mhariri, nimerithi karabai ya babu, ile tuliyokuwa tukiitundika uani wakati wa matanga. Kwenye tangi, karibu na pampu, kulikuwa na doa la manjano, nami nikalisugua kwa majivu na ndimu, lakini limezidi kupanuka. Je, niendelee, au nimpe fundi aivishe upya? – Msomaji, Kamalondo, Lubumbashi.

JIBU: Ndugu msomaji, tafadhali acha kusugua leo hii. Manjano hayo si uchafu, bali ni mwili wa taa yenyewe. Karabai nyingi za zamani, zikiwemo Petromax za Ujerumani, zilitengenezwa kwa shaba ya manjano, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, kisha zikavishwa nikeli, yaani metali nyeupe inayong'aa, nayo nikeli hiyo kwa kawaida ni nyembamba kuliko unywele. Majivu yana chembe zinazoikwangua, na ndimu ikikaa juu ya shaba ya manjano huondoa zinki na kuiacha na wekundu usiopendeza.

Masizi yaondoe kwa maji ya vuguvugu, sabuni kidogo na kitambaa cha pamba kilichochakaa. Palipo na kijani, hasa kwenye maungio, chokoa polepole kwa kijiti cha mwanzi kilicholowa mafuta ya taa, mbali na moto. Kijani hicho ni cha jamii moja na malakiti, yaani madini ya kijani yenye shaba ambayo wachimbaji wa Katanga huyafuata ardhini, ila hapa ni dalili kwamba shaba inalika. Ikishakauka vizuri, ipake nta ya nyuki kidogo sana, isipokuwa sehemu zinazopata moto.

Kuivisha upya kunawezekana, lakini fundi atalazimika kwanza kuitoa nikeli yote iliyobaki na kuing'arisha shaba kabisa, kwa maana nikeli haifichi mkwaruzo. Usijaribu nyumbani kwa betri: chumvi za nikeli ni sumu, na umeme ukipita kwenye maji ya chumvi ya mezani hutoa gesi ya klorini.

Mimi ningeiacha. Hapo karibu na pampu ndipo babu yako alipokuwa akilishika tangi kwa mkono mmoja huku akipiga pampu kwa mwingine, na ni viganja vyake vilivyoimaliza nikeli hiyo. Ukitaka kuiwasha, fundi alipime tangi kwanza, kwa sababu linajazwa hewa kwa shinikizo, na tangi lililoliwa linaweza kurusha mafuta kwenye moto.